Nyuzi Zilizolegezwa

Seremala huyu walimwita Kucha, kwa sababu ya kucha tatu ndefu za mkono wa kulia alizozifuga kwa ajili ya gitaa. Msumeno ulipomkata ncha za vidole viwili vya kushoto, vya kubania nyuzi, kucha zile hakuzikata. Ziliendelea kukua kama majani kwenye nyumba iliyohamwa.

Miaka kumi na moja katika bendi yao alipiga gitaa la roki lenye mkwaruzo, na juu ya mlio huo mdogo wake akiimba kantri, nyimbo taratibu za mapenzi yaliyoharibika. Sasa nafasi yake ilishikwa na fundi simu mwenye ndevu za kuchongwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Kucha," mpiga ngoma wao alimtania. "Wewe tupigie makofi."

Jumamosi asubuhi fundi simu aliingia karakana. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi za gitaa ulikuwa umeng'oka, na onyesho lilikuwa saa kumi jioni.

"Niokoe, kaka. Halafu mdogo wako sauti inamkatikia. Anasema ameshazeeka, leo anaimba mara ya mwisho."

Kucha alichonga kijiti cha kuziba tundu. Alijua kilichomkata mdogo wake sauti. Tangu mwaka wa kwanza alizilegeza nyuzi zote kidogo, kwa siri, wimbo ushuke mpaka mdogo wake aufikie. Mdogo wake akajisifu kuwa ana koo la ndege, naye akamwacha ajisifu. Fundi simu alizikaza kwa kipimo cha kwenye simu yake, wimbo ukapanda.

Angeweza kunyamaza. Bendi ife, tukose wote. Wazo lile lilikuwa tamu, akalitafuna mpaka kijiti kikakaa.

Kisha akazilegeza nyuzi.

"Usizikaze kupita hapa. Na usimwambie kwa nini."

Jioni sauti ilitoka nzima, ya kifua kipana, na watu wakasimama. Mdogo wake alimkumbatia fundi simu mbele ya maikrofoni. "Huyu ndiye kanirudishia sauti!" Akamwona Kucha kwenye safu ya nyuma. "Kaka, umesikia? Hata enzi zako sikuwahi kuimba hivi!"

"Nimesikia, mdogo wangu."

Alipiga makofi kama alivyoagizwa, kucha zikimchoma kiganja. Aliporudi karakana alichukua mkasi, akakata mbili. Ya tatu aliiacha, ya kujaribia nyuzi fundi simu atakaporudi.