Mafuta ya Cherehani Kwenye Gobore

Miaka ile ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya uhuru, nilikuwa na kibanda cha kutengeneza cherehani huko Kator, mjini Juba. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Uganda. Kaka yake alipofariki, mzee aliniletea gobore la baba yao, limefungwa kwenye gunia.

Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Nyuma ya mtutu kuna kinundu cha chuma chenye tundu jembamba, na juu yake huvikwa fataki, kifuniko kidogo cha shaba. Nyundo ikiipiga fataki, cheche hupita tunduni hadi kwenye baruti.

"Fundi, kwetu mwindaji hawezi kufunikwa na udongo kama bunduki yake haijalia," alisema. "Baba ilikuwa hivyo. Babu ilikuwa hivyo. Na mimi iko na fataki tatu tu."

Polisi walikuwa wameshaarifiwa: mlio mmoja, mchana, bila risasi.

Nilifanya nilivyozoea. Mashine iliyolala muda mrefu hupewa mafuta. Nikasugua kutu, nikadondosha mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, na katika kile kitundu nikaongeza, mpaka nyundo ikawa inapanda na kushuka bila kukwaruza.

Jioni mzee akauliza, "Umechoma fataki moja tupu, bila baruti, kukausha mafuta ndani?"

"Hakuna haja, Mzee. Tusiipoteze bure."

Kesho yake, jeneza likiwa limeshashushwa, mzee alishindilia baruti na kitambaa, akaelekeza mtutu juu. Fataki ya kwanza: pa! Basi. Alibaki amelishika vilevile kwa muda, maana baruti huweza kuchelewa kushika. Kisha nikachokoa tundu kwa sindano ya cherehani. Ya pili: pa! Mshonaji mmoja kutoka Uganda, mteja wangu, alinong'ona kwa sauti iliyosikika na wote, "Fundi, umeishona mdomo?" Watu wakacheka, halafu wakakumbuka walipo. Nikachokoa tena. Ya tatu ililia kama kijiti kinachovunjwa.

Wenye majembe walikuwa wakingoja juani. Katekista aliyeongoza mazishi alimtazama mzee mara mbili, kisha akawaashiria. Udongo ukaanza kuanguka juu ya jeneza.

Mzee akapiga magoti ukingoni. "Malesh, kaka," alisema, akiomba radhi kwa Kiarabu cha Juba. "Malesh. Mimi niliweka fataki kwa kopo ya tumbako, zimeoza."

Hazikuwa zimeoza. Zote tatu zilikuwa zimelipuka. Nilijua palepale, kwa sababu sindano ilikuwa bado mkononi mwangu na ncha yake imejaa uji mweusi wa mafuta yangu na baruti iliyolowa. Niliifuta kwenye suruali.

Miezi iliyofuata mzee alimwuliza kila dereva aliyekuwa akienda Uganda kama angempatia fataki huko, na kila mara aliwaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyozitunza vibaya za kwanza. Mara nyingi alikuwa akisema hayo mlangoni pa kibanda changu, nami ndani nikiendelea kukaza skrubu. Hakuna aliyempatia.

Siku niliyohama Juba alinisindikiza hadi kwenye basi, akakataa nibebe begi langu mwenyewe.

"Fundi," alisema, "wewe ulisafisha bunduki vizuri sana. Kosa ilikuwa yangu."

Nikamwambia asante, nikapanda.