Ndege Isiyo na Steji

Juzi nilienda ofisi ya tiketi za ndege mjini nikiwa nimembeba mtoto wangu wa miezi minane, na huyu homa ikipanda anashikwa na degedege. Baba yake anatungoja New York.

"Ile ya moja kwa moja ni masaa kumi na tano," karani akasema, macho kwa kompyuta.

"Na mtoto akishikwa njiani, tunashukia wapi?"

Mzee nyuma yangu akacheka. Karani akainua macho. "Mama, huko juu hakuna steji."

Nikauliza ile inayosimama.

"Hiyo inapitia Doha, masaa ishirini na sita. Watu huikataa."

Nikamwambia anikatie hiyo, kwa sababu hata kwa matatu, Riruta hadi Kilimani, nimeshuka mara mbili nikikimbilia kliniki.

Mzee akakohoa. "Na mimi, nikatie hiyo ya mama."