Ndanu wetu, na Musyoka anayejibu "ndio"

Hadi saa hii akili yangu imekataa. Ndanu, mtoto wa dada yangu, alituacha Jumatatu. Homa ya mapafu. Mtu alikuwa amebakisha thesis tu amalize master's!

Mnanijua. Mimi ndiye nilizuia lori la ng'ombe kwa bega moja pale Emali, breki zilipokatika. Shule niliacha darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na cha kunifundisha. Lakini leo, jamani, hata simu ni nzito.

Alikuwa anasoma forensic psychology, ile saikolojia ya washukiwa na korti. Nilitangaza kutoka Salama hadi Nunguni kwamba mpwa wangu akikutazama usoni anaona uongo wako na wa babu yako. Alikasirika! "Uncle, wacha hizo. Mimi sisomi uso wa mtu. Nauliza, halafu nanyamaza nisikie."

Mama yake alitaka achukue kazi ya counsellor kwa shule, karibu na nyumbani. Akakataa. "Mum, ma-counsellor wako wengi. Wa kukaa na mshukiwa kabla korti haijaamua, tuko wangapi?"

Akaenda internship gerezani. Wikendi anarudi na viatu vimejaa vumbi, anacheka, anauliza kama muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, imebaki kwa sufuria.

Halafu ile siku ya mbuzi. Mbuzi wa jirani walipotea, watu wakamshika Musyoka, yule kijana mkubwa wa hapa kwetu ambaye akili yake inaenda pole pole. Wakamuuliza, "Ni wewe?" Akasema, "Ndio." Watu wakaanza kuokota mawe.

Ndanu akapita katikati yao. Mzee mmoja akamfokea, "Wewe msichana, rudi jikoni!"

"Narudi, mzee. Wacha niulize kitu kidogo." Akamshika Musyoka mkono. "Musyoka, ni wewe ulichukua mbuzi?"

"Ndio."

"Na treni ya Emali, ni wewe uliimeza?"

"Ndio."

"Na mabehewa yote?"

"Ndio, madam."

Wee! Watu walicheka mpaka mawe yakawatoka mikononi. Mbuzi walipatikana jioni kwa shamba la mtu, wamemaliza mahindi yake.

Hiyo stori niliisimulia kila mahali, nikasema watu walikuwa elfu mbili. Ndanu akanirekebisha: "Uncle, walikuwa kama kumi na watano. Na hao wanatosha kuua mtu."

Tangu siku hiyo nasema kumi na watano.

Thesis yake ilikuwa ni hiyo: watu wanaokubali makosa ambayo hawakufanya. Aliniambia wengine wanaogopa, wengine wamechoka kuulizwa, na wengine kama Musyoka wanataka tu ufurahi.

Sasa sikieni kwa nini naandika. Jana hapa matangani maneno yalianza kuzunguka kwamba Ndanu amerogwa. Mjinga mmoja akamgeukia Musyoka, aliyekuwa amebeba viti vya wageni, akamuuliza, "Ni wewe ulimroga?"

Mnajua alijibu nini.

Wanaume wakasimama. Na mimi nikasimama. Nikasema, "Musyoka, ni wewe ulileta ukame?"

"Ndio, Uncle."

"Na mimi, ni wewe ulinizaa?"

"Ndio."

Hakuna aliyecheka. Dada yangu alikuwa analia. Lakini mmoja mmoja, waliketi.

Kwa hivyo nyinyi mnaokuja Jumamosi kumzika Ndanu, nawaomba: mtu asimuulize Musyoka kitu chochote. Daktari alituambia ugonjwa, na tumeusema. Ukiwa na swali lingine, niulize mimi, na uniulize nikiwa nimesimama. Musyoka anakaa kwangu. Saa hii yuko hapa uani anachambua maharagwe ya wageni, na anaimba wimbo wa kanisa, maneno nusu.

Ndanu mami, hiyo kozi yako sikuisoma. Huyu mmoja nitamchunga. Lakini wale wako wa gerezani, wanaosema ndio kwa kila kitu, sijui ni nani ataketi nao sasa. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote.

Ulichoka, mwanangu. Lala salama. Mlangoni nimekaa mimi.