Mbwa Niliyemfungia Mara Tatu

Mume wangu alimpenda yule mbwa kuliko alivyonipenda mimi, na sisemi kwa utani. Tulipokimbia Kongo, mume wangu alitangulia na watoto ng'ambo ya ziwa, Zambia. Nilipoondoka mimi, mbwa alinifuata akibweka hadi kwenye matete tulipojificha kungoja mtumbwi, na watu wakaanza kunitazama vibaya. Nikamrudisha nyumbani, nikamsukuma jikoni, nikabana mlango kwa mti, kwa nje. Mume wangu nilimwambia mbwa alipotea bandarini.

Karibu mwaka mmoja baadaye alivuka ziwa kwenda Pweto, upande wa Kongo, kununua chumvi, akarudi na mbwa. Alimkuta ufukoni akila matumbo ya samaki. Meno yake ya mbele yalikuwa yamelika hadi kwenye fizi.

"Masikini, njaa ilimufanya akule mawe," mume wangu alisema.

Mimi nilijua alikula mlango gani. Mbwa akaninusa miguu, akatikisa mkia. Ningefurahi zaidi kama angening'ata.

Hapa Nchelenge alianza kuiba bata mchana, mimi nikiwa sokoni na mume wangu shambani. Jirani yetu, mvuvi Mzambia, alivumilia wawili. Wa tatu alipoliwa, alikuja na dawa ya panya mkononi, akaniita mama kwa lugha yake, akasema bila hasira, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mayo, ikikula tena bata, mi nitaiua."

Wakati huo nilikuwa nafua nguo kwa mama mmoja mzungu aliyejifunza Kiswahili Lubumbashi. Mbwa wake, kitu kidogo cha manyoya, alilala ndani ya kizimba cha chuma, ametulia kama mgeni wa askofu. Nikamuuliza siri yake. Unaweka chakula ndani, akasema, unaacha mlango wazi siku nyingi, halafu unafunga kidogo kidogo.

"Lakini hapana kila imbwa, mama. Ile yenye walishaka kufungia zamani kwa nguvu, itajiumiza."

Niliitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nilisema wazungu wana muda wa kubembeleza wanyama.

Nikatengeneza kizimba kwa wavu wa chuma tuliokaushia samaki juu ya moto. Kilinuka moshi, harufu ile ile ya jiko nililomfungia. Zile siku nyingi nikazifanya asubuhi moja. Nilitupa kichwa cha samaki ndani, akaingia, nikafunga kwa waya, nikaenda zangu sokoni.

Nilirudi saa nane. Mke wa jirani alisema mbwa alilia hadi sauti ikamkauka. Taya lake lilikuwa limenasa kwenye wavu, na kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Aliponiona akatikisa mkia. Nilimchukia kwa mkia ule.

Jioni yule mama mzungu, aliyeitwa na mume wangu, akaja na dawa. Mume wangu alikuwa amepakata kichwa cha mbwa. Mama akafuta damu, kisha akaniuliza: "Mama, hii imbwa walishaka kuifungia fasi kwa nguvu, zamani?"

Mume wangu akanitazama. Hakuwa na shaka yoyote, alingoja tu niseme.

"Hapana," nikasema. "Hata siku moja."

"Basi uliharakisha tu," mama mzungu akasema, akapumua. "Ikipona, muanze upya, polepole."

Mume wangu alianza upya. Alisuka wavu mwingine kwa waya mnene. Kila jioni aliweka ugali ndani, akaketi kando ya mlango ulio wazi, akimwimbia. Mbwa aliingia kwa ajili yake, miguu ikitetemeka. Kwa wiki tatu nilipita pale na ndoo yangu ya maji. Mdomo ninao, na sikuutumia.

Siku ya kufunga mlango ikafika, naye mume wangu alitakiwa shambani.

"Leo ufunge weye," akaniambia. "Inakuzobelea, inakutikisia mukia. Saa moja tu, halafu fungula."

Nilifunga. Mbwa hakubweka mwanzoni, alinitazama tu, kisha akaanza kuuma waya kwa vile visiki vya meno. Nilichukua mchi, nikatwanga muhogo kwa nguvu nisimsikie. Nilitwanga hadi ukawa unga, saa moja ikapita, nikaendelea kutwanga unga.

Mume wangu aliporudi, mbwa alikuwa amepitisha kichwa kwenye wavu akashindwa kukirudisha. Alikuwa amekufa, ameshapoa. Mume wangu alikata waya, akalia, akanawa mikono. Kisha akaja akaketi karibu yangu, akanishika bega na kunipa pole.

Nikasema asante.