Sisimizi wa Msusi

Walimwita Msusi hata baada ya kuacha kusuka, kwa sababu vidole vyake ndivyo vilivyompatia kazi ya maabara: kuwatia sisimizi nukta za rangi mgongoni ili watafiti wawatambue. "Nimesuka vichwa vya watoto wanaolia," alisema, "sembuse hawa wasio na kelele."

Kisanduku kimoja kilimtia simanzi. Sisimizi wake walikuwa wameharibiwa jeni moja tu, ile ya kunusa. Wa visanduku vingine walirundikana pamoja na mayai yao, wakafuatana kwenda kula. Hawa kila mmoja alishika hamsini zake, akizurura ukutani peke yake.

"Wamegombana?" aliuliza.

"Hapana," mtafiti alimjibu. "Harufu ndiyo inayowaita. Wasipoisikia, ni kama wenzao hawapo."

Nyumbani nako kulikuwa kumepoa. Mumewe, mpishi wa hoteli, mtu wa masihara tangu ujana, alikuwa amefunga mdomo baada ya kuugua mafua makali. Alikula chumbani, mgongo kaupa mlango. Msusi hakuwa na shaka: kuna mwanamke. Begi alishalishusha kutoka juu ya kabati.

Jioni ile harufu ya maziwa yanayoungua ilimpokea mlangoni. Mumewe alikuwa papo hapo jikoni, kalipa jiko kisogo, anamenya vitunguu, hana habari. Msusi alizima jiko. Maneno makali aliyokuja nayo yakamkauka.

"Mume wangu, husikii harufu?"

Kisu kikasimama. "Tangu yale mafua," alisema polepole. "Mpishi asiyenusa ni mpishi gani? Mkisifia chakula mezani, naona kama mnanisimulia harusi ambayo sikualikwa."

"Na mimi nafungasha begi!"

"Begi la nini?"

"Hebu niache." Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

Kesho yake alimsindikiza hotelini. Meneja alipoelezwa alinuna, kisha akamhamishia kwenye kukata nyama. Pua imerudi nusunusu: kahawa anaisikia, mengine bado. Ila mezani amerudi. Binti yao humtangazia kila kinachonukia, naye humbishia makusudi, kisha hulalamikia chumvi, ambayo ulimi wake haukuisahau hata siku moja.