Bidoni sita chini ya kitanda cha Maman

Jameni, sikieni yaliyonipata.

Leo Maman alienda misa, nikasema nisafishe chumba chake. Chini ya kitanda nikakuta bidoni sita, madumu ya plastiki kuukuu, matupu, vifuniko vimekazwa kabisa. Miaka yote hajawahi kuzichotea maji!

Nikazigawia majirani. Nikapiga deki, nikajisifu.

Maman akarudi. Akainama kuangalia, akakaa chini palepale.

"Bidoni ziko wapi?"

"Nimezigawa, Maman. Zilikuwa zinajaza nyumba tu."

"Siku vita iliingia Bukavu, unafikiri tulivuka mto Rusizi kuja huku Kamembe na nini?"

Mi nilijua tulipita kwenye daraja!

"Kwenye daraja kulikuwa risasi. Kila mutoto nilimufunga na kitenge juu ya bidoni yake, aelee. Weye ulikuwa na miaka mitatu."

Nikakimbia kwa majirani, nikazirudisha zote. Mmoja alikuwa ameshaanza kumimina pombe ya ndizi!

Mukidhani Maman alisema asante, wapi!

Alizihesabu. Kisha akamutazama mutoto wangu mgongoni.

"Na ya huyu iko wapi?"

Ninyi mungejibu nini? Mi niko sokoni Kamembe, nanunua bidoni ya saba.