Mama Hakwenda Pwani Kupanga Foleni

Mtu akiniuliza ale wapi akienda likizo Malindi, kwanza namtazama nione kama amekuja kwa amani. Halafu namwambia: kula popote, hata juu ya mti, lakini usikanyage ile hoteli kubwa ya ufukweni yenye askari getini na maua mekundu ukutani. Jina silitaji. Nikilitaja meno yananiuma. Hasira niliyotoka nayo pale ingechemsha maziwa ya Uasin Gishu nzima, ya asubuhi na ya jioni, na moto ungebaki wa kupigia pasi.

Nianze nyumbani, ndiyo ubaya wao ueleweke.

Mama yangu alikuwa mkulima huko Moiben, nje ya Eldoret, mahindi na ng'ombe wachache, na alikuwa na sifa moja iliyomtesa maisha yake yote: alijua kupikia umati. Miaka ile ya chama kimoja harambee hazikuwa na mwisho. Harambee ya zahanati, harambee ya darasa, harambee ya mabati ya kanisa, harambee ya kumalizia ile harambee nyingine. Mheshimiwa anakuja na msafara wa magari, vumbi linaziba jua mpaka kuku wanaingia kulala, na kabla hajafika akina mama wako kwenye moshi tangu alfajiri. Mama ndiye alikuwa anaitwa wa kwanza. Mheshimiwa anakula, anafuta mdomo, anasifu umoja wetu, anaondoka. Wazee wanakula. Vijana wa chama wanakula mara mbili. Watoto wanakula. Mama anakula ukoko, amesimama, huku macho yakizunguka kuona nani anataka kuongezewa. Arusini hivyo hivyo. Matangani hivyo hivyo. Sitashangaa nikiambiwa hata siku ya arusi yake mwenyewe aliamka akawasha moto.

Siku moja, tukirudi kutoka kwa harambee kama hiyo, mimi nimembebea masufuria, akasema, "Unajua mimi tangu nizaliwe sijawahi kuketi kwa meza, mtu aniletee chakula, nikule mpaka niseme imetosha?"

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayesema hajawahi kuona treni. Mimi ndiye niliyewaka. Nilisimama katikati ya barabara nikamwapia, shangazi zangu wote wakisikia, kwamba nitampeleka pwani, ataketi, ataletewa, na hatainua hata kijiko. Shangazi wakacheka sana. Mama pia alicheka, lakini mimi namjua. Lile neno alilichukua akaliweka.

Wakati huo nilikuwa namalizia shule ya usiku mjini Eldoret. Mchana napakia magunia kwenye ghala la mahindi, jioni nasoma kwa taa ya karabai pamoja na watu wazima wenye usingizi, mpaka mwalimu anabishana na mikoromo. Nilipopita mtihani wa kidato cha nne nilitembea mjini kama mtu aliyegundua maji. Wakanitoa kwenye magunia wakanipa ukarani, na karani, tofauti na mpakiaji, ana likizo. Nikaanza kuuliza watu: pwani watu wanakula wapi?

Mkubwa wangu wa kazi hakufikiri hata kidogo. "Mtu amesoma kama wewe? Kula ufukweni, kwa watalii. Kitambaa cheupe, glasi tatu tatu."

Duka nililonunua sukari lilikuwa la Mzee mmoja Msomali ambaye malori yake yalikuwa yanashuka mpaka pwani kila wiki. Yeye tangu nipite mtihani aliniita Profesa, na si kwa heshima.

"Profesa, hoteli ya watalii unatafuta nini? Kuangalia watu bila nguo?"

"Nampeleka mama akule vizuri, Mzee."

"Kula vizuri iko Malindi, nyuma ya soko. Kuna jamaa na bibi yake, pilau yao, wallahi, ndiyo inachelewesha malori yangu."

"Mama hawezi kununua viatu vipya apelekwe nyuma ya soko."

"Haya. Peleka viatu ufukweni. Tumbo litakuja nyuma ya soko peke yake."

Nilimwona ni mtu wa zamani asiyeelewa maendeleo.

Tulifika Malindi na jua likatupokea kama tumelikosea. Mama alikuwa amevaa sweta yake nzito ya Eldoret na akakataa kuitoa, kwa sababu mtu akienda ugenini haendi nusu. Asubuhi pale tulipolala walituletea chai ya rangi. Akaitazama ile chai, akaninong'oneza, "Ng'ombe yao imekufa?" Nikamwambia avumilie, mchana ndio wenyewe. Akanywa kidogo tu, ili aache nafasi.

Ilipofika saa ya chakula nilivaa suti na tai, na beji ya Rais kifuani kama watu wote wa maana wakati huo. Mama alivaa vile viatu. Tukafika getini.

"Dereva apitie nyuma," askari akasema.

Nikageuka kumtafuta huyo dereva. Hapakuwa na mtu.

"Wewe. Gari ya watalii umeacha wapi? Madereva wanapitia nyuma."

Ndugu msomaji, suti ile niliipiga pasi mpaka ingeweza kunyoa ndevu. Nikamwambia, "Mimi ni mgeni. Huyu ni mama yangu. Tumekuja kula." Akamtazama mama kutoka kwa kitambaa cha kichwa mpaka viatuni, akarudi juu tena polepole, akasimama kwenye sweta. Nikatoa kadi ya chama nikaiinua machoni pake bila neno. Miaka ile mtu hakujua nani ni nani, na mtu anayenyamaza na kadi mkononi anaweza kuwa mtu yeyote. Lango likafunguka. Naona aibu kwamba lililotufungulia mlango wa kula katika nchi yetu wenyewe ni kuogopwa, lakini mama alikuwa amechoka kusimama.

Ndani, sitaki kusema uwongo, palipendeza. Upepo, bahari mpaka jicho linachoka, kitambaa cheupe kama kile alichokisema mkubwa wangu wa kazi. Mama aliketi. Akaweka mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba, mgongo wima. Akangoja.

Akangoja.

Mimi nilidhani wanapika. Waliokuja nyuma yetu walianza kula, sisi bado. Mwishowe nikamwita mhudumu, kijana mpole tu, simlaumu.

"Karibuni, mzee. Karibu, mama. Mnaweza kujichukulia."

"Kujichukulia nini?" mama akauliza.

"Chakula. Kiko pale. Leo ni bufe, mama."

Tukageuka. Kwenye meza ndefu kama ya matanga ya ukoo mzima kulikuwa na mabakuli, na mbele yake watalii wamepanga foleni, kila mmoja na sahani yake, wengine na chupi za kuogelea, maji yakiwatiririka miguuni. Mama aliwatazama kwa huruma ya kweli.

"Hawa wamekosa nini?" akaniuliza. "Wanapanga foleni kama ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada."

"Ndiyo desturi ya hapa, mama," yule kijana akasema.

"Basi mwambie mwenye nyumba tumengoja. Alete tu kidogo, chochote iko."

Nikamwomba kijana ampakulie. Akasema angependa, lakini amekatazwa, bufe ni kila mtu ajitumikie. Nikasema niitiwe mkubwa. Akaja meneja, mwenzetu mweusi kama mimi, na tai ndefu kuliko yangu. Nikamweleza kwa upole, na upole wangu wakati huo ulikuwa umebaki uzi mmoja, kwamba huyu mama amewapikia watu maisha yake yote, na amesafiri kutoka Eldoret kwa jambo moja tu, aketi aletewe.

"Taratibu ni taratibu," akasema. "Wageni wote wanajitumikia."

Na wakati anasema hivyo, nyuma ya bega lake, mhudumu mwingine akapita na sahani mbili zimejaa, akaziweka mbele ya mzungu mmoja na mkewe waliokuwa wameiva na jua kama kamba wa kupikwa. Akawakunjulia hata vitambaa vya mapajani.

"Na wale?" nikauliza.

"Wale ni wageni wetu wa siku nyingi." Halafu akainama kama ananisaidia. "Lakini nyuma kuna kantini ya madereva. Huko watampakulia mama bila shida."

Uzi ukakatika. Nilisimama nikamrushia Kiingereza chote cha shule ya usiku kwa mpigo mmoja, pamoja na kile cha Biolojia. Nilimwita amiba. Nilimwita pembetatu. Watalii walisimamisha uma hewani, na nina hakika samaki walisogea mbali na ufuko. Yeye alinitazama tu kama mtu anayengoja mvua ipite, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Chukua sahani, ndugu, chakula kinapoa."

Nikachukua. Nilisema liwe liwalo, mama atakula. Nikaenda kwenye ile meza, nikapita foleni yote kama gari la mheshimiwa, nikajaza samaki na wali na vitu nisivyovijua, nikageuka kurudi. Mama aliniona nikija na sahani. Uso wake ulibadilika kuliko ulivyobadilika getini.

"Rudisha hiyo."

"Mama, kula tu."

"Rudisha! Wewe ni mwanaume umetahiriwa. Unibebee chakula mbele ya watu wote hawa, kama mimi sikukufunza kitu?"

Kwetu ndivyo ilivyo, na anayetaka kucheka acheke. Mwanaume mzima habebi sahani akimtumikia mama yake. Ni kumvua nguo yeye na wewe pamoja. Ile hoteli ilikuwa imetuweka mahali ambapo kila njia ya kumlisha mama yangu ilikuwa tusi. Akachukua mkoba. Akamwambia yule kijana mpole, "Asante, baba, nimeshiba." Hakuwa ametia hata punje mdomoni. Akatoka mgongo ukiwa wima vile vile, na mimi nyuma nikinguruma kama injini ya lori.

Nikakumbuka pilau ya Mzee Msomali, tukashika njia ya sokoni. Viatu vipya vilikuwa vinamkata. Tulifika nyuma ya soko, kwenye kijumba cha makuti chenye meza nne na benchi, watu wa mchana wameshaondoka. Mwenyewe, mtu mnene mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, alimwona mama tu akasema, "Shikamoo, mama. Karibu, keti, utakuwa umechoka."

"Mzuri," mama akajibu, maana shikamoo kwetu haikuwa ya kila siku.

Hakumwuliza atakula nini. Kwetu mgeni haulizwi. Kumwuliza ni kumwambia kwa adabu akatae. Yule bwana alileta maji ya vuguvugu na beseni, akammiminia mama mikononi, akampa taulo. Akaleta pilau inayofuka, sahani mbili, kachumbari, ndizi, na bakuli la mchuzi. Akaweka, akasogea. Mama alitazama ile sahani. Akatazama mikono yake safi. Nilianza kuhisi kifua kinalegea.

Basi sufuria ikaanguka huko jikoni. Kelele ile mimi sikuijali. Mama aliinua kichwa.

"Nani yuko ndani?"

"Mke wangu, mama. Wewe kula."

"Peke yake?"

"Anayemsaidia amekwenda msibani. Kula, mama, itapoa."

Lakini alikuwa ameshasimama. Anavua sweta! Sweta iliyoshinda jua la Malindi, anaivua kwa ajili ya masufuria ya mtu asiyemjua! Nikasema, "Mama, keti chini." Akasema, "Nakuja." Nikasema, "Mama, wewe hapa ni mgeni." Akasema, "Na huyo huko ndani ni nani? Ni punda?" Akaingia.

Yule bwana alitaka kumfuata, nikamzuia. Nilikaa na sahani mbili. Nikasikia maji yanamwagwa, jivu linasugua bati, kisha wanawake wawili wanacheka kama waliozaliwa nyumba moja. Hasira yote ya askari, ya meneja, ya wale kamba wawili wa kupikwa, ikageuka ikaja kwa mama yangu. Nilimchukia kwa muda wa kumeza mate. Watu wamekunyima kiti, sasa umepewa kiti, unakiacha!

Nikainuka, nikabeba sahani yake, nikaingia jikoni.

Moshi. Alikuwa amechutama, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Yule mke wa bwana aliniona na sahani akaelewa kitu, akasogea kando. Nilisukuma kigoda kwa mguu.

"Keti."

"Wewe kijana, nimekwambia—"

"KETI!" Sijawahi kumpigia mama yangu kelele kabla ya siku ile. Hata kuku waliokuwa mlangoni waliondoka. "Hakuna mtu hapa wa kukuona. Keti ukule!"

Alinitazama sana. Nilidhani atanipiga na ile sufuria, na ningelikubali. Mke wa bwana akachota maji akamnawisha bila kuuliza. Mama akashuka kwenye kigoda polepole, akanyoosha miguu, akavua vile viatu. Nikamwekea sahani mapajani kwa nguvu mpaka mchuzi ukaruka.

"Ndiyo namna ya kupatia mtu chakula hiyo?" akasema.

Akala tonge moja. Akala la pili. Nilisimama pale mlangoni nimekunja mikono, nikimlinda kama askari wa benki. Alipofika katikati ya sahani akainua macho, mdomo umejaa.

"Na maji iko wapi?"